Nane kwa Nane: Hesabu na Fumbo katika Shairi la Pwani

Wanaoliponda shairi la kimapokeo hupenda kusema kwamba mizani na vina ni pingu zilizoletwa na Waarabu, mshairi akafungwa nazo hadi fikra zikamkauka. Wanaolitetea nao hujibu kuwa hiyo ni mila ya wazee na mila haiulizwi. Pande zote mbili zimeikosa hoja iliyo muhimu. Historia ya shairi la Pwani inaonyesha kwamba hesabu yake ilitokana na umbile la Kiswahili chenyewe, na kwamba ufinyu wa hesabu hiyo ndio uliokuza ufundi ambao washairi wa Mombasa na Lamu walisifika nao zaidi, yaani kusema mawili kwa neno moja.

Tuanze na dai la asili. Ni kweli kwamba istilahi kama bahari na arudhi zina mizizi ya Kiarabu, na elimu ya arudhi iliratibiwa huko Basra na al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8. Lakini arudhi ya Kiarabu hupima mpangilio wa silabi fupi na ndefu. Kiswahili hakina mizani ya namna hiyo: irabu mbili zikifuatana, kila moja huhesabiwa silabi yake, na silabi zote zina uzito mmoja. Kipimo cha al-Khalil hakikuwa na mahali pa kushika. Kilichobaki ni kuhesabu, na Waswahili walihesabu kwa namna nyingi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una mizani 8 kwa kila kipande. Al-Inkishafi ina 10. Wimbo wa mishororo mitatu huenda kwa 12. Na shairi lenyewe likatulia kwenye 16, nane kwa nane, mishororo minne kwa ubeti. Lugha iliyoazima kipimo kwa jirani isingezaa aina zote hizo za vipimo ambavyo jirani hana.

Vina navyo vinatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa moja ya irabu tano. Kama irabu peke yake ingetosha kuwa kina, kazi ingekuwa rahisi mno, maana kila neno lingeoana na sehemu kubwa ya msamiati. Kwa hiyo desturi ikataka silabi nzima, konsonanti (ikiwapo) na irabu yake, kisha ikataka silabi moja irudi katikati ya kila mshororo na nyingine mwishoni. Tazama mishororo hii miwili, iliyotungwa kwa ajili ya mfano tu: «Paa amepaa juu, akavuka paa letu / Kishindo chake kikuu, kiliwaamsha watu». Kila kipande kina mizani nane, na katika «kiliwaamsha» herufi m inasimama peke yake kama silabi, kwa hiyo inahesabiwa. Neno paa limetokea mara tatu: mnyama, kitendo na sehemu ya nyumba. Mtunzi aliyebakiwa na silabi mbili hana nafasi ya kueleza; anatafuta neno fupi lenye maana nyingi, na Kiswahili kimejaa maneno hayo: kaa, kata, panda, tembo.

Hapo ndipo hesabu inapokutana na fumbo, na hakuna aliyeutumia ukaribu huo kama Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Zama zake zilikuwa za mvutano: Wamazrui walioutawala mji wake walishindana na Lamu, kisha na Seyyid Said wa Omani, hadi utawala wao ukaanguka mwaka 1837. Katika mazingira hayo shairi la beti chache lilikuwa silaha. Lilisafiri kwa kichwa cha mtu, likafika ng'ambo ya pili, na aliyejibu alitarajiwa kufuata mizani na vina vya mwenziwe. Tungo fupi iliyofumbwa vizuri ilimchoma adui bila kumtaja, na mpangilio wa vina uliilinda isipotoshwe, kwani neno likibadilishwa ovyo, kina huvunjika na masikio hung'amua. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomwezesha Mwalimu Sikujua kumkusanyia mmisionari William Taylor tungo za Muyaka mwishoni mwa karne ya 19, na William Hichens kuzichapisha mwaka 1940.

Kuna pingamizi mbili za kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba sheria hizi ni changa, kwa kuwa kitabu mashuhuri cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilitoka mwaka 1954. Lakini tungo za Muyaka zilishafuata nane kwa nane zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Kitabu kiliandika desturi, hakikuizaa. Ya pili ni nzito zaidi: hesabu humlazimisha mtunzi kujaza maneno matupu, na mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 alionyesha kuwa shairi huweza kusimama bila vina. Hilo halipingiki. Mashairi mengi ya kimapokeo yana mishororo iliyojazwa tu, na mshairi huru hana deni kwa mtu. Ila udhaifu wa mtunzi mvivu haupimi ubora wa kanuni. Inkisari na mazida, yaani ruhusa ya kufupisha au kurefusha neno, zinathibitisha kwamba kanuni ilibana kweli, na wenye ustadi walijibu mbano huo kwa kuchimba maneno ya lahaja za Kiamu na Kimvita, kwa kupindua mpangilio wa sentensi na kwa kufumba.

Tatizo la leo liko darasani. Mwanafunzi huulizwa ubeti una mizani ngapi, anahesabu kwa vidole, anapata alama yake, na hakuna anayemwuliza kwa nini mtunzi alichagua neno lile na si jingine. Hesabu iliyotengwa na fumbo haina kazi yoyote. Mwalimu awape wanafunzi vina viwili, mizani nane na neno moja lenye maana tatu, kisha awaache watunge ubeti wao. Watakapokwama ndipo watakapojua Muyaka alikuwa fundi wa nini.