Saa za Ziada za Askari na Haki ya Ujira: Funzo Kutoka Lushoto ya Mwaka 1919

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni kwa njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa Milima ya Usambara. Wengi wanaujua mji wa Lushoto kwa baridi yake, matunda yake na mboga zake zinazoshuka kila siku kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Wachache wanakumbuka kwamba hapa ndipo lilipozaliwa Jeshi la Polisi la Tanganyika. Tarehe 25 Agosti 1919 jeshi hilo lilitangazwa katika Gazeti la Serikali, makao yake makuu yakiwa Lushoto chini ya Meja S. T. Davis. Mwaka 1921 makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama suala moja linalomgusa kila aliyewahi kuvaa sare, pamoja na mke na watoto wanaomngoja nyumbani. Askari aliyemaliza zamu yake akaambiwa abaki kwenye lindo, au aliyeitwa siku yake ya mapumziko aende kwenye doria, saa zile za ziada ni za nani? Je, zina ujira? Na kama hazina, ni kwa hoja gani?

ASKARI WA USAMBARA KABLA YA 1919

Askari wa kulipwa hakuletwa katika nchi hii na Waingereza. Richard Burton alipopita mwaka 1857 akielekea Vugha, makao ya Kimweri, mfalme wa Washambaa, aliwakuta askari Mabulushi wa Sultani wa Zanzibar katika ngome ya Tongwe, chini ya milima. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, alipotumwa na Ujerumani kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim, aliajiri takriban Wasudani 600 kutoka Misri. Wengi wao walikuwa Waislamu, na askari wa namna hii ni miongoni mwa sababu za Uislamu kufika katika baadhi ya vituo vya bara.

Lushoto wakati huo Wajerumani waliipa jina la Wilhelmstal. Katika wilaya hiyo, kwenye miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wenyeji walipewa kadi iliyowalazimisha kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Utawala ulisimama juu ya majumbe, maakida na askari. Basi tazama, ndugu msomaji, siku za mkulima zilihesabiwa moja moja kwenye kadi, lakini saa za askari aliyetumwa kumfuata mkulima huyo hazikuwa na kadi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, askari wa polisi wa Kijerumani, ambao walikuwa zaidi ya 2,000, waliingizwa katika jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Jeshi hilo liliweka silaha chini mwezi Novemba 1918 huku askari wake wakiwa wanadai malimbikizo ya mishahara. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kuwa huko Mwanza wazee wengi walifika bila hati yoyote, basi wakapewa ufagio wauchukue kama bunduki na wakaamrishwa kwa Kijerumani. Walitii amri zile kana kwamba waliziacha jana. Mwili ulikumbuka kazi, na deni lilikuwa bado ni deni.

AGOSTI 1919: KILICHOTOKEA UINGEREZA NA MAREKANI

Tarehe ya kuzaliwa polisi wa Tanganyika ina ajabu yake. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1918, askari polisi wa London waligoma kwa ajili ya mishahara duni na haki ya kuwa na chama chao. Mwanzoni mwa Agosti 1919 wakagoma tena baadhi yao, hasa Liverpool, na waliogoma safari hii walifukuzwa. Lakini serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuunda kamati chini ya Lord Desborough, na kamati hiyo ilipendekeza mishahara ipandishwe na isawazishwe nchi nzima. Katikati ya mwezi huohuo wa Agosti, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza polisi kuingia vyama vya wafanyakazi, ikawaundia chombo chao wenyewe cha kuwasilisha mahitaji yao.

Siku kumi hivi baadaye ndipo polisi wa Tanganyika wakatangazwa kule Lushoto. Na tarehe 9 Septemba 1919, askari zaidi ya 1,100 wa mji wa Boston, Marekani, waligoma. Baadhi yao walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki kwa mshahara uliokuwa umepitwa na bei za sokoni. Wote walifukuzwa. Waliochukuliwa badala yao wakapewa mshahara bora zaidi, yaani kile kile walichokidai waliofukuzwa.

Mtawala wa Tanganyika, kwa hiyo, alikuwa mtu aliyekwishapata funzo kwake mwenyewe kwamba saa na mshahara wa polisi vikiachwa bila kupangwa huzaa fitina. Lakini sheria ile ya Uingereza haikuvuka bahari. Askari wa Lushoto alirithi katazo la kugoma, hakurithi chombo cha kumsemea.

MSHAHARA KATIKA LUGHA NA KATIKA FIQHI

Neno letu "mshahara" lina asili ya Kiarabu, nalo linatokana na shahr, yaani mwezi. Ni makubaliano ya kumkodi mtu kwa mwezi. Katika fiqhi mlango huu unaitwa ijara, na wanavyuoni wamegawa waajiriwa mafungu mawili. La kwanza ni ajir mushtarak, anayelipwa kwa kazi iliyokamilika, kama vile fundi cherehani. La pili ni ajir khas, anayelipwa kwa muda aliojisalimisha kwa mwajiri. Huyu wa pili hustahiki ujira wake kwa kule kujitoa, hata kama hapakuwa na jambo la kufanya. Mlinzi aliyesimama usiku kucha na mwizi asije, kazi yake imetimia.

Kwa kuwa kinachouzwa hapa ni muda, sharti la kusihi kwake ni muda huo ujulikane. Tena wanavyuoni wa Kishafii wametaja kuwa nyakati za Swala za faradhi, kujitwaharisha na kula zinatolewa ndani ya muda huo bila ujira kupunguzwa. Ikiwa hata dakika za kula zimetazamwa, vipi usiku mzima uachwe bila hesabu?

Atasema msemaji: askari hakutajiwa ujira wa saa za ziada, basi hana. Hoja hii ina asili yake. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madarasa ya pwani yetu, ametaja kuwa aliyefanya kazi bila ujira kutajwa hana ujira kwa kauli yenye nguvu. Lakini ametaja pia kauli ya kwamba, akiwa ni mtu anayejulikana kufanya kazi ile kwa malipo, anastahiki, na akaashiria kuwa kauli hiyo imeonwa na wengine kuwa ni nzuri. Zaidi ya hapo, suala la Nawawi ni la mtu aliyejitolea kwa hiari. Ama aliyelazimishwa, hukumu yake iko katika mlango wa kunyang'anya. Mwenye kumtumikisha mtu huru bila ridhaa yake analazimika kumlipa ujira wa mfano wake. Askari aliyepewa amri hawezi kuhesabiwa kuwa amejitolea.

Qur'ani nayo imetupa mfano ulio wazi katika Surat al-Qasas. Mzee wa Madyan alipoafikiana na Nabii Musa (a.s.), muda ulikuwa miaka minane. Miwili ya kutimiza kumi iliachwa kwa hiari ya Musa, na mzee akaeleza kwamba hataki kumtia mashakani. Hapo pana kanuni mbili: muda wa wajibu umetajwa kwa idadi, na ziada ni ihsani ya mfanyakazi, si haki ya mwajiri.

SHERIA YA LEO YASEMAJE?

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, nazo hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, na kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Lakini sheria hiyo hiyo imewatoa watu wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hawa hawaguswi nayo isipokuwa katika vifungu vinavyokataza ajira ya watoto, kazi ya kulazimishwa na ubaguzi. Polisi wana sheria yao, Sura ya 322, ambayo msingi wake ni kwamba askari ni wa kuitwa kazini wakati wowote. Mlinzi wa kampuni binafsi anayelinda duka pale Lushoto mjini ana saa zinazohesabiwa kisheria. Askari polisi anayepita mbele ya duka hilo kwenye doria hana.

Hatusemi kuwa kuwatoa ni dhulma moja kwa moja. Usalama haungoji saa, na nchi nyingi zimefanya hivyo. Tunachouliza ni kile kinachotakiwa kuja badala yake.

UJIRA AU RIZIKI?

Hapa ndipo kiini cha suala. Wanavyuoni wametofautisha baina ya ujira na riziki ya Baytul Mal. Ujira hufuata kipimo cha kazi. Riziki, ambayo hupewa kadhi, mwadhini na askari, haifuati saa, bali hufuata kifaya, yaani utoshelevu. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameeleza kuwa atiya ya askari hupimwa kwa mambo matatu: idadi ya anaowalisha, wanyama anaowaweka kwa ajili ya kazi, na mahali anapokaa kama maisha ni ghali au nafuu. Lengo ni asihitaji kutafuta kwingine akaacha ulinzi. Ameeleza pia kuwa atiya ikifika wakati wake na mali ipo hazinani, askari wana haki ya kuidai kama yanavyodaiwa madeni.

Kwa hiyo milango ni miwili. Dola ikichagua mlango wa ujira, ihesabu saa na kulipa ziada. Ikichagua mlango wa riziki, imchukue askari wakati wote lakini ibebe mahitaji yake yote: nyumba, chakula, matibabu na masomo ya wanawe. Uingereza yenyewe imeitumia milango yote miwili. Makonstebo na masajini wa huko hulipwa saa za ziada, na mwaka 1994 mainspekta waliondolewa malipo hayo wakaongezewa mshahara. Lisilofaa ni kuingia kwa mlango wa riziki wakati wa kutoa amri, kisha kutokea mlango wa ujira wakati wa kulipa.

Tena riziki haiondoi kikomo. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.), akiwa katika doria yake ya usiku, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani. Akamuuliza binti yake Hafsa (r.a.) mwanamke anaweza kustahamili muda gani, kisha akawawekea askari mpaka wa kukaa mbali na nyumba zao: miezi minne, na katika mapokezi mengine sita. Kiongozi mwenye adui mipakani hakuona kuwa haja ya dola inafuta haki ya mke.

JE, ASKARI AJILIPE MWENYEWE?

Huenda askari akasema: mimi nimedhulumiwa saa zangu, basi hiki ninachokipokea barabarani ni fidia yangu. Hoja hii ni batili. Mtume (s.a.w.) alimkemea mbele ya watu mkusanyaji zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi na mali akisema sehemu hii ni yenu na hii nimezawadiwa. Akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama ataletewa zawadi hizo. Anayetoa rushwa siye aliyechukua saa za askari. Deni liko kwa mwajiri, na kulichukua kwa raia ni kuongeza dhulma ya pili juu ya ya kwanza.

Lakini Mtume (s.a.w.) aliyekataza hayo ndiye huyo huyo aliyeruhusu, katika hadithi ya Mustawrid bin Shaddad (r.a.) aliyoipokea Abu Daud, mtumishi wa umma apatiwe mke, mtumishi na makazi ikiwa hana. Aliyechukua zaidi ya hayo ndiye mwizi. Utoshelevu umetangulia, hukumu ya wizi ikafuata.

HITIMISHO

Jeshi lililotangazwa Lushoto mwaka 1919 limevuka miaka mia moja. Limebadili bendera, sare na lugha ya amri, lakini kanuni ya kumchukua askari wakati wote imebaki. Tunanasihi wenye mamlaka wakumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na kwamba jasho la usiku ni jasho. Tunamnasihi askari adai haki yake kwa njia za halali na asiitafute mfukoni mwa mnyonge. Na sisi raia, tunaolala milango ikiwa imefungwa, tusione kukesha kwa mwenzetu kuwa ni kitu kisicho na thamani.

Wallahu aalam.