Gemu za Risasi na Uhuru wa Kuchagua Njia

Mwaka 1997, kampuni ya Rare ya Twycross, Uingereza, ilitoa GoldenEye 007, gemu ya risasi ambayo ramani zake zilijengwa kinyume na mazoea. Wajenzi wa ramani walianza na majengo yenyewe, bila kujua mchezaji angeanzia wapi, angetokea wapi, wala maadui wangesimama wapi. Yote hayo yalipangwa baadaye, ndani ya majengo yaliyokwisha kusimama. Martin Hollis, aliyeongoza kazi hiyo, alikuja kueleza kwamba utaratibu huo ulikuwa wa hasara, kwa kuwa vyumba vingi vilibaki bila kazi yoyote. Lakini ndio ulioifanya gemu ionekane kama mahali pa kweli, penye njia zaidi ya moja.

Katika hatua ya kwanza, ile ya bwawa, ukichungulia kwa bunduki ya darubini utaona kisiwa ng'ambo ya maji. Mashua hakuna, na wala hutumwi huko. Hata hivyo wachezaji wamekichungulia kwa miaka, wakiamini lazima ipo namna ya kufika. Kwangu mimi, kisiwa kile kinaeleza mvuto wa ramani za wazi kuliko maelezo marefu ya wataalamu: mtu akishaonja uhuru kidogo, kila kona inamwita.

Tamaa hiyo ilikuwa imeshapandwa na Doom, iliyotolewa na id Software ya Texas mwezi Desemba 1993. Katika hatua yake ya kwanza, iliyobuniwa na John Romero, unatazama dirishani na kuona deraya ya buluu uani, kwenye dimbwi la sumu ya kijani. Mlango wa kwenda huko huuoni. Njia imefichwa nyuma ya ukuta, mbele zaidi, na ukiupapasa ukuta huo unafunguka. Hakuna mshale unaokuelekeza wala sauti inayokunong'oneza. Dakika chache tu za mwanzo, na mchezaji ameshaelewa kwamba anachokiona anaweza kukifikia, mradi akitafute mwenyewe.

Deus Ex, ya mwaka 2000, ilikwenda mbali zaidi. Warren Spector na wenzake wa Ion Storm mjini Austin walimweka mchezaji kwenye kisiwa cha Sanamu ya Uhuru, New York, wakamwambia kiongozi wa magaidi yuko ndani ya sanamu. Jinsi ya kumfikia ni shauri lako. Unaweza kuingia kwa mlango wa mbele ukipigana, kupanda makasha yaliyopangwa nyuma, au kumtafuta mtu gatini mwenye ufunguo. Kisha wachezaji wakagundua jambo ambalo watengenezaji hawakulipanga: mabomu madogo ya kubandika ukutani yanahimili uzito wa mtu. Basi wakawa wanayabandika moja juu ya jingine, wanayapanda kama ngazi, na kuvuka kuta ambazo hazikukusudiwa kuvukwa. Hapo mchezaji amemzidi mjenzi maarifa, na raha ya namna hiyo haipatikani kwenye gemu inayokushika mkono.

Mwaka uliofuata, Halo ya Bungie ilikuwa na hatua iitwayo The Silent Cartographer. Unashushwa ufukweni na ndege, unapigana mchangani, kisha unaletewa gari. Kisiwa ni kidogo, na unaweza kukizunguka kwa kushoto au kulia. Chaguo lenyewe ni dogo, lakini linabadilisha unakutana na nani kwanza, na kwa upande gani. Nasema bila kusita: ufukwe ule una uhuru mwingi kuliko ramani nyingi za sasa zenye kilomita kadhaa za mraba, ambazo kila kichaka kimewekewa alama ya kukuambia la kufanya.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yake. Half-Life ya 1998 ilipita karibu njia moja mwanzo hadi mwisho, ikasimulia hadithi kwa ustadi mkubwa. Baada ya Call of Duty 4 ya 2007 kuuzwa sana, gemu nyingi ziligeuka korido: mwenzako anatangulia, wewe unafuata.

Far Cry 2 ya Ubisoft Montreal, iliyoongozwa na Clint Hocking, ilitoka mwaka 2008 katikati ya wimbi hilo. Imewekwa katika nchi ya kubuni ya Kiafrika yenye vita, na mhusika wake anaugua malaria. Hapo unaweza kukaa kilimani na darubini, ukahesabu walinzi, ukapanga kuchoma nyasi upande wa upepo ili moto uwafukuze wakujie. Bunduki chakavu inakwama katikati ya mapigano. Moto nao unasambaa kwenye nyasi kavu na haujui nani aliuwasha. Ukikurudia, mpango wote umeharibika, na inabidi ubuni mwingine huku ukikimbia.