Droni

Droni, au ndege nyuki, ni chombo cha angani kisicho na rubani ndani yake, kinachoongozwa kwa rimoti au kompyuta. Wengi huiona kwenye harusi ikipiga picha juu ya maturubai. Wengine huirusha kwa kujiburudisha tu. Kazi yake yenye uzito zaidi Afrika Mashariki ilianza Rwanda Oktoba 2016, kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo chake cha Muhanga. Droni hizo zenye mabawa hufyatuliwa kwa mtambo, hudondosha boksi lenye mwavuli wa karatasi bila kutua, kisha hurejea kituoni na kunaswa kwa waya. Kwa mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua, muda unaookolewa ndio uhai wenyewe. Zanzibar, droni zimetumika kuchora ramani ya Unguja na Pemba.

Hofu ya usalama na ya kuingiliwa faragha ni ya haki, ndiyo maana sheria zipo. Kenya iliweka kanuni mwaka 2020: droni husajiliwa, na haipaswi kupita futi 400 kutoka ardhini. Tanzania, msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).