Ramani ya Jengo Anayo Nani?

Seva pepe ni kama ploti iliyogawanywa vyumba: mashine ni moja, lakini kila mpangaji anajiona ana nyumba yake. Swali ni, ramani ya jengo anayo nani?

Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003 ikiwa programu huria. Mwaka 2007 Citrix ikainunua XenSource, kampuni ya waanzilishi wake. Halafu Desemba 2017 ikaondoa mambo kadhaa muhimu kwenye toleo la bure la XenServer. Watumiaji walikasirika, lakini hawakukwama. Msimbo ulikuwa wazi tangu 2013, basi Mfaransa Olivier Lambert na wenzake wakauchukua, wakachangisha pesa mtandaoni, na 2018 wakatoa XCP-ng.

Wateja wa VMware hawakuwa na mlango huo. Broadcom ilimaliza kuinunua kampuni hiyo Novemba 2023. Mwezi uliofuata, leseni za kununua mara moja tu zikakoma kuuzwa. Ukitaka mpya, ni kulipa kila muhula, kama kodi ya nyumba.

Tusidanganyane: programu huria pia ina gharama. Kuna kuhamisha data, kuna kujifunza upya, kuna kukesha. Lakini landilodi akikugeuka, ramani unayo.