Mafuta ya Ng'ombe

Kwa shosho, Nyandarua, kulikuwa na kopo moja tu la mafuta, na makao yake yalikuwa zizini, juu ya ubao kando ya ndoo ya maziwa. Alfajiri shosho alichota kidogo akampaka ng'ombe kwenye chuchu ili zisipasuke wakati wa kukama. Akimaliza, alikuja jikoni na kopo lile lile, akaniita, "Leta magoti."

Nyuma ya magoti na ndani ya viwiko nilikuwa na ukurutu. Vitabuni husema ngozi huwa nyekundu. Yangu haikuwahi kuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, ngumu, yenye vipele, na iliwasha usiku hadi nikaamka na damu kwenye kucha.

Kopo lenyewe kila Mkenya analijua: Arimis, mafuta ya kukamia. Hata jina linasikika kama arimi, yaani wakulima kwa Kikuyu. Nilipoenda bweni nalo, wenzangu waliniita Ng'ombe kwa muhula mzima. Nililitupa chooni na nikaapa sitalipaka tena.

Majuzi ndipo nilipoanza kusoma mafuta ya aina hii yalitoka wapi, nikakuta kwamba hata mwanzo wake ni wa watu wa kazi za mikono. Mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa Titusville, Pennsylvania. Robert Chesebrough, kijana mkemia wa New York, alikuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza mafuta ya taa kutoka kwa mafuta ya nyangumi. Kisima kile kilitishia mkate wake, kwa hivyo akafunga safari kwenda kujionea. Huko alikuta wafanyakazi wakilaani uchafu mzito kama nta uliokuwa ukiganda kwenye vyuma vya pampu. Lakini mtu akichubuka au akiungua, uchafu huo huo ndio aliopaka. Chesebrough aliubeba, akahangaika kuusafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya kitu alichokiita Vaseline. Jina na pesa vikawa vyake. Maarifa yalikuwa ya wale vibarua.

Huku kwetu hakuna aliyehitaji kufundishwa kupaka mafuta. Wakikuyu walikamua mafuta ya mbegu za mbarika, Wamaasai walichanganya mafuta ya wanyama na udongo mwekundu, na Pwani kulikuwa na nazi. Wamishonari na wakoloni walipoyaona waliyaita uchafu. Muumini mpya alitarajiwa kuoga kwa sabuni, avae nguo, aache mafuta na udongo. Sabuni nayo, kazi yake ni kuondoa mafuta. Baadaye maduka yakaja na chupa na makopo. Yaani tuliambiwa tuyaoge mafuta yetu, kisha tukauziwa mengine. Na hapo ikazaliwa ile aibu tunayoijua sote, ya mama kumrudisha mtoto mlangoni kwa sababu miguu imepauka.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka mjini kati, nikiwa na miaka 22, kununua tyubu isiyo na maandishi ya kueleweka. Wiki moja tu, ngozi ikawa laini, tena nyeupe kidogo. Nilidhani nimepona.

Nilichokuwa nikipaka kina historia yake pia. Mwaka 1952, Marekani, madaktari Sulzberger na Witten waliripoti kwamba dawa ya kupaka ya jamii ya steroidi ilituliza ukurutu. Ni dawa nzuri sana ikiandikwa na daktari, kwa kiasi na kwa muda. Lakini ndugu zake wenye nguvu zaidi waliingia mtaani, kwa kuwa hung'arisha ngozi. Nilipoacha tyubu yangu baada ya miezi, ukurutu ulirudi kwa hasira, na ngozi ya viwiko ilikuwa imekonda, ina michirizi.

Daktari wa ngozi aliuliza utotoni nilikuwa nikipakwa nini. Nilimjibu nikiangalia sakafu. Hakucheka. "Shosho yako alikuwa anajua," akasema.

Akanieleza kwamba ngozi yangu ni kama mtungi unaovuja. Mafuta mazito hayaongezi maji mtungini, yanaziba nyufa. Kwa hivyo oga kwa maji ya uvuguvugu, jikaushe kwa kubonyeza taulo, usisugue, kisha paka ngozi ingali na unyevu. Paka kuelekea upande ambao nywele zimelalia, asubuhi na usiku, hata siku ambazo hakuna kinachowasha. Chagua yasiyo na manukato. Ukiona usaha au maji yakitoka, njoo hospitali. Tena usipake kwa uchoyo: mtoto mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kuhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Nilipiga hesabu ya vile vikopo vidogo vya krimu vya maduka ya mitindo nikaona ni mshahara mzima. Jeli ya kawaida, ya kopo kubwa, ndiyo niliyoweza kuimudu.

Kisha akauliza swali ambalo bado linanisumbua. Kwenu kuna mwingine mwenye ukurutu? Kwa sababu mara nyingi hutembea katika ukoo. Nikasema hakuna.

Nikiwa kwenye matatu ndipo nilipomkumbuka shosho vizuri. Kila alipomaliza magoti yangu, alifuta yaliyobaki kwenye mikono yake mwenyewe, polepole, katikati ya vidole, mahali palipokuwa peusi na pagumu. Siku zote nilidhani ni mikono ya kazi. Sikuwahi kumuuliza kama ilikuwa inamwasha.