Mzae anarusha ngumi akiwa usingizini? Huenda ni Parkinson, si mapepo

Kuna familia Thika na Ruiru zinajua Parkinson ni mkono kutetemeka tu. Usiku ukifika ndio stori inabadilika: mzae halali, mathe naye halali. Ukweli ni kwamba usingizi kuharibika ni sehemu ya huu ugonjwa.

Parkinson ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kusonga, zinakufa pole pole. Jina limetoka kwa James Parkinson, daktari wa London aliyeuandikia mwaka wa 1817. Hauambukizwi na si kurogwa.

Usiku huwa kunaendaje?

- Kupigana ndotoni. Kawaida ukiota, ubongo unazima misuli. Hapa hiyo swichi inafeli, so msee anapiga nduru, mateke, hata anaanguka kitandani. Inaweza kuanza zaidi ya miaka 10 kabla mkono utetemeke.
- Kukakamaa. Dawa ya jioni ikiisha nguvu, hata kugeuka ni kazi.
- Choo kila saa. Na akiamka gizani, ni rahisi aanguke.
- Miguu kukataa kutulia akijaribu kulala.
- Kusinzia mchana. Dawa zingine za Parkinson zinaleta usingizi wa ghafla. Kama anaendesha gari ama boda kwa Thika Superhighway, hiyo ni noma.

Cha kufanya

Mrekodi na simu usiku, kisha upeleke video kwa daktari, iwe Thika Level 5 ama hospitali ya Ruiru. Wataalamu wa ubongo wengi wako Nairobi, kwa hivyo uliza kuhusu rufaa. Dawa inaweza kubadilishwa saa ama kipimo, lakini msiikatishe ghafla nyinyi wenyewe. Hiyo ni hatari.

Usimnunulie dawa za usingizi kwa chemist bila kuandikiwa. Zinaweza kumchanganya na kumwangusha.

Nyumbani: toa meza na vitu vikali kando ya kitanda, acha taa ndogo ya kwenda choo, punguza chai na maji jioni, na mchana atoke juani atembee kidogo.

Na mathe akiamua kulala kitanda kingine, msianze udaku. Haimaanishi mapenzi yameisha. Anajikinga na ngumi ambazo mzae mwenyewe asubuhi hata hazikumbuki.