Nani Anamsomesha Mchungaji? Hoja kuhusu Wajibu wa Waumini katika Malezi ya Watumishi wa Kanisa

Kitenzi kusomesha kina maana mbili katika Kiswahili. Mwalimu aliye darasani anasomesha; mzazi anayeuza kahawa ili alipe ada naye anasomesha. Katika malezi ya mapadre na wachungaji wetu, kazi hizo mbili zimeachana. Kufundisha tumewaachia seminari na vyuo vya theolojia, na kulipa mara nyingi tumewaachia wafadhili walio mbali. Makala hii inatetea msimamo kwamba msomeshaji wa kwanza wa mtumishi wa Kanisa ni parokia au usharika wake, kwa sababu anayelipa naye hufundisha, hata asipokusudia.

Ufadhili wa mbali una historia ya heshima. Mwaka 1889 Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani, aliwaandikia Stéphanie Bigard na binti yake Jeanne, wakazi wa Caen, Ufaransa, akieleza kwamba hana fedha za kuwatunza vijana wenye wito. Kutokana na barua hiyo likazaliwa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, lililopewa hadhi ya kipapa mwaka 1922, ambalo hadi leo linasaidia seminari za nchi za misioni, zikiwemo za Afrika Mashariki. Kwa upande wa Waprotestanti, Mfuko wa Elimu ya Theolojia ulitokana na mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misioni uliofanyika Ghana na kumalizika mwanzoni mwa 1958. Ulianza na dola milioni 4, nusu yake ikitokana na fedha za John D. Rockefeller Mdogo. Anayezibeza sadaka hizi anawakosea watu waliojinyima kwa ajili ya vijana ambao wasingewaona kamwe.

Hata hivyo, sadaka hupimwa pia kwa wakati wake. Cecil Majaliwa alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na wamisionari Waanglikana wa shirika la UMCA Zanzibar na baadaye Canterbury, Uingereza, akapewa upadre Zanzibar mwaka 1890. Nani mwingine angemsomesha? Utumwa ulikuwa umemnyang'anya ukoo, na kanisa la nyumbani lilikuwa halijasimama. Hali ile haikuwa na njia nyingine. Leo kanisa la nyumbani lipo: lina jumuiya ndogondogo, kwaya, vikundi vya akina mama na wazee wa kanisa. Tukiendelea kuishi kana kwamba halipo, tunamlea mtumishi katika upweke usiokuwa wake.

Upweke huo una mafunzo yake. Mwanafunzi anayetunzwa kutoka mbali hujifunza kwamba riziki yake hutegemea taarifa inayoandikwa kwa lugha ya mfadhili. Akishapewa daraja au kubarikiwa, hupanga kazi zake kwa kutazama anuani ileile. Usharika nao hujifunza kwamba mchungaji ni mtu wa kuletewa. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alipotaka wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda, wengi walisikia ukaidi. Mimi nasikia swali la kitheolojia: Kanisa linakuwa nani, ikiwa mkate wa mchungaji wake hauokwi nyumbani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Optatam totius ya mwaka 1965, uliweka wajibu wa kukuza miito juu ya jumuiya nzima ya Kikristo. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II, katika Pastores dabo vobis, alieleza malezi ya padre kwa nguzo nne: utu, roho, akili na uchungaji. Nguzo ya nne haikamiliki ndani ya ukuta wa seminari. Frateri anayerudi likizo akakuta mkungu wa ndizi na trei ya mayai vikinadiwa baada ya ibada, na akajua kwamba humo imo ada yake, amefundishwa somo ambalo gambera, mkuu wa seminari, hana namna ya kulifundisha darasani. Atashika fedha ya Kanisa kwa hofu ya Mungu, kwa kuwa anaijua sura ya bibi aliyeitoa.

Yapo mapingamizi mawili mazito. La kwanza ni umaskini: dayosisi changa haziwezi. Lakini Mtume Paulo, anapowachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, anawapa mfano wa Wamakedonia waliotoa katikati ya ufukara wao. Andiko hilohilo linalohalalisha msaada kati ya makanisa linamnyima maskini ruhusa ya kujiona hana la kutoa. La pili ni hatari ya usharika wenye nacho kummiliki mchungaji. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni mfuko wa pamoja wa dayosisi: kila usharika uchangie kwa kadiri ya mapato yake, hesabu zisomwe hadharani, na mwanafunzi awe mdeni wa wote.

Msaada wa nje ubaki, ila uhame kutoka kwenye ugali wa kila siku uende kwenye mambo ya kudumu: maktaba, masomo ya juu ya walimu, na hasa vitabu vya theolojia vya Kiswahili. Mwanafunzi wetu huandika tasnifu kwa Kiingereza kuhusu Utatu Mtakatifu, kisha hutakiwa kuueleza kwa Kiswahili kwa bibi yule wa mayai. Asipoweza, bibi amelipia elimu isiyomfikia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tuzo hukamilika pale wanaotunza wanapoijua ngoma na mchezaji anapowajua wao. Usharika unaochangia, unaomwombea mwanafunzi kwa jina, na unaomsikiliza akihubiri kwa woga mahubiri yake ya kwanza, unamsomesha kwa maana zote mbili za neno hilo.